Kesho yako ina urefu gani? Namna ya kupima upeo wa muda kabla ya kuamua

Mtu akisimama mchangani kando ya Ziwa Victoria, macho yake mita moja na nusu juu ya maji, mwisho wa ziwa anaouona uko kilomita 4 na kidogo tu mbele yake. Akipanda juu ya jiwe la mita 25, na Mwanza mawe ya namna hiyo hayaadimiki, mwisho huo unasogea hadi karibu kilomita 18. Ziwa halijaongezeka hata ndoo moja. Kilichobadilika ni mahali aliposimama.

Muda nao una upeo wake. Kila unapoamua jambo kuna siku fulani kichwani ambayo baada yake huoni kitu: mwisho wa giza hili (usiku ambazo mwezi hauangazi na dagaa huvuliwa), mavuno, Januari ya ada, uzeeni. Anayeona hadi Jumamosi na anayeona hadi miaka 10 ijayo wakiulizwa swali moja watajibu tofauti, na wote wawili wana akili timamu. Ndiyo maana kumwambia mtu "kuwa na subira" hakumfikishi mbali. Kinachomsaidia ni kujua upeo wake umeishia wapi, jambo lenyewe linadai upeo gani, kisha kuvisogeza viwili hivyo vikutane. Hatua zifuatazo zinaonyesha jinsi ya kufanya hivyo, kwa mifano ya mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga, na mashambani Kanda ya Ziwa.

Kiswahili, kwa njia, kina kipimo chake: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne za mbele zina majina. Zinazofuata zote ni "huko mbele". Wapo waliotazama mambo ya namna hii wakaandika kwamba Mwafrika hana wakati ujao wa mbali. Waende Ukerewe wakamwone mtu akichimba shimo la mchungwa, mti utakaomla jasho miaka mitatu kabla ya kumpa chungwa la kuuza.

Unachohitaji

Kaunta buku moja na kalamu. Kalenda ya ukutani yenye kuonyesha mwezi mwandamo; zile za misikitini zinafaa sana. Na dakika 40 za kukaa peke yako, mara mbili: mara moja ukiwa na pesa mkononi, mara moja ukiwa umekaukiwa.

Usiruke hiyo ya pili. Huko Tamil Nadu, India, watafiti waliwapima wakulima 464 wa miwa, watu ambao pesa yao huja kwa mkupuo baada ya mavuno. Kabla ya mavuno, wakiwa wamebanwa, walifanya vibaya kwenye majaribio ya kufikiri; baada ya kulipwa, watu walewale walifanya vizuri zaidi. Hawakuwa wamepungukiwa akili. Sehemu yake kubwa ilikuwa kazini, inahesabu deni. Kwa hiyo ukijipima siku ya njaa tu utajiona mtu wa leo kwa leo, na ukijipima siku ya malipo tu utajiona mhenga. Ukweli wako uko katikati.

Mchuuzi wa dagaa apime usiku wa nne au wa tano wa giza, halafu tena katikati ya mbalamwezi. Mkulima wa mpunga apime Juni na Februari. Mwenye mshahara, siku mbili baada ya kulipwa na siku 10 kabla ya kulipwa tena.

Hatua ya 1: Andika uamuzi mmoja wenye kitenzi na kiasi

"Kujiendeleza kimaisha" si uamuzi. "Kuuza madebe 10 ya dagaa wakavu leo, au kuyaweka hadi mbalamwezi" ni uamuzi. Tuushike huu, kwa sababu umebeba karibu kila kitu tutakachozungumza.

Kwa asiyejua mwalo: dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola zimeenea. Dagaa hufuata mwanga, basi usiku wa giza taa huwakusanya. Mwezi ukipevuka ziwa zima lina mwanga, taa haina kazi, na mitumbwi hupumzika siku 10 hivi. Mzigo hupungua sokoni na bei hupanda. Kila mtu mwaloni analijua hilo, na bado wengi huuza giza likiwa katikati, bei ikiwa chini. Ukiwauliza wageni kwa nini, watakwambia watu hawana mipango. Tutaona kwamba mara nyingi wageni ndio hawajapiga hesabu.

Hatua ya 2: Pima upeo wako

Usijiulize "mimi nina subira?" Utajibu kwa aibu au kwa majivuno. Tumia vipimo vitatu.

Cha kwanza ni cha tarehe. Andika haraka, bila kuchagua, mambo 10 unayokusudia kufanya: kulipa duka, kubadilisha betri, kumpeleka mtoto kliniki, kununua mabati. Mbele ya kila moja weka tarehe unayoamini litakuwa limetendeka. Yapange kuanzia la karibu hadi la mbali, kisha tazama la tano na la sita. Kati ya hizo tarehe mbili ndipo upeo wako wa kawaida ulipo. Ikiwa ni siku 12, basi uamuzi wowote wa miezi sita kwako uko nyuma ya kilima. Kosa la kawaida hapa ni kuandika ndoto: "kujenga ghorofa". Lisilo na tarehe unayoiamini, lifute.

Cha pili ni cha pesa. Jibu maswali mawili bila kurudi nyuma. Utachukua 10,000 leo au 11,000 kesho? Utachukua 10,000 baada ya siku 30 au 11,000 baada ya siku 31? Wengi huchukua 10,000 kwenye la kwanza na 11,000 kwenye la pili, ingawa tofauti ni ileile, shilingi 1,000 kwa kusubiri siku moja. Ukiwa mmoja wao, tatizo lako si kuona karibu. Unaona mbali vizuri tu; ni leo ndiyo inayokuvuta shati. Tiba yake iko kwenye Hatua ya 4, na ni nyepesi kuliko unavyodhani.

Lakini kabla hujajihukumu, jiulize nani alikuwa anakuahidi hiyo 11,000. Kibarua ambaye tajiri wa mtumbwi amewahi kumwambia "tutahesabu mwisho wa giza" kisha hesabu ikapotea, akichukua cha leo anafanya jambo la busara kabisa. Ahadi inayovunjwa mara kwa mara hufupisha upeo wa mtu yeyote. Andika pembeni: *sisubiri kwa sababu leo inanivuta*, au *sisubiri kwa sababu simwamini anayenisubirisha*. Ni magonjwa mawili tofauti. La pili halitibiwi kwa kibubu. Linatibiwa kwa hesabu ya maandishi, mbele ya mashahidi, kila asubuhi mtumbwi unapotia nanga.

Cha tatu ni cha watu. Umepata nusu saa ya bure leo. Utakaa na nani: ndugu yako wa karibu, mtu mliyefahamiana juzi na mnaelekea kupatana, au mjuzi wa jambo unalopenda kujifunza? Swali la namna hii limetumiwa kwa miaka na mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzake. Wazee huelekea kuchagua ndugu, vijana hutawanyika. Ungesema ni umri. Lakini vijana walipoambiwa wajione wako karibu kuhamia mbali peke yao, nao walimgeukia ndugu. Na wazee walipoambiwa kuna dawa mpya itakayowaongezea miaka 20, walichagua kama vijana. Hong Kong, miezi michache kabla ya kurudishwa China mwaka 1997, vijana kwa wazee walielekea kwa watu wao wa karibu; mwaka mmoja baada ya makabidhiano tofauti ya umri ilirudi. Kinachoamua si mvi, ni mwisho unaouona.

Basi, ukichagua ndugu, upeo wako kwa sasa ni mfupi. Huo si ugonjwa. Upeo ukifupika mtu hupunguza watu, hubaki na wale wenye maana kwake, na mara nyingi moyo wake hutulia.

Hatua ya 3: Tafuta upeo wa jambo lenyewe

Kila jambo lina muda wake ambao haujali wewe unaona hadi wapi. Mahindi ni miezi minne hivi. Pamba, kutoka mbegu hadi mizani, miezi mitano au sita. Muhogo, karibu mwaka. Mtoto kutoka darasa la kwanza hadi mwisho wa kidato cha nne, miaka 10 na zaidi. Dagaa hukua upesi. Sangara huchelewa, na ndiyo maana sheria inakataza kumvua akiwa chini ya sentimita 50.

Nyavu ni mfano mzuri wa kile kinachotokea upeo wa mtu ukiwa mfupi kuliko wa jambo. Ernst Fehr na Andreas Leibbrandt, mwaka 2011, walichapisha utafiti juu ya wavuvi wa ziwani huko Brazil: wale ambao kwenye majaribio walikuwa tayari kusubiri zaidi, na kushirikiana zaidi, ndio pia waliotumia nyavu zenye matundu makubwa. Hapo kuna mambo mawili, si moja. Kusubiri peke yake hakutoshi kama mwenzako anakuja usiku na kokoro, wavu wa kukokota unaozoa hadi samaki wachanga. Kwa jambo la ziwa, upeo wa mtu mmoja hauna nguvu bila upeo wa mwalo mzima.

Turudi kwenye madebe 10. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Bei ya leo, katikati ya giza, ni 18,000 kwa debe. Siku ya nane ya mbalamwezi itakuwa 24,000. Zimebaki usiku 8 za kuvua.

Ukiuza leo unapata 180,000. Ukiweka hadi siku ile, tegemea kupoteza debe moja kwa panya, unyevu na kubomoka; yanabaki 9, mara 24,000, ni 216,000. Toa 6,000 ya turubai na mahali pa kuweka: 210,000. Faida ya kungoja ni 30,000.

Sasa piga upande wa pili. Ile 180,000 ukiizungusha, unanunua mbichi alfajiri, unaanika kwenye chanja, unauza, na tuseme kila usiku inakuachia 4,000. Usiku 8 ni 32,000. Aliyeuza leo amemshinda aliyengoja kwa 2,000, na hakuwa na wasiwasi wa panya.

Lakini subiri zibaki usiku 3. Kuzungusha kutakupa 12,000, kisha mbalamwezi inaingia na pesa haina pa kuzungukia. Kungoja bado ni 30,000. Jibu la madebe 10, basi, si "uza" wala "weka". Zungusha hadi usiku tatu za mwisho, mzigo wa usiku hizo uweke. Jibu hilo huwezi kulipata kwa kujisifu au kujilaumu. Linatoka kwenye kalenda na kwenye daftari. Na msimu wa mvua libadilishe: jua likikosekana dagaa hawakauki sawasawa, na mzigo uliowekwa ukiwa na unyevunyevu huota ukungu. Kama dagaa akikunjwa hakatiki kwa mlio, asiingie stoo.

Hatua ya 4: Kutanisha pande mbili

Sasa una tarehe mbili, ya kwako na ya jambo. Weka moja kushoto mwa ukurasa, nyingine kulia.

*Ya kwako ikiwa fupi kuliko ya jambo.* Usijaribu kuurefusha upeo kwa nguvu. Hudumu wiki moja. Sogeza malipo yaje mahali unapoona. Magharibi mwa Kenya, pande za Busia, kulikuwa na wakulima waliosema kila mwaka kwamba wanataka mbolea, na msimu wa kupanda ulipofika pesa haikuwepo. Watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson hawakuwahubiria. Walipanga mbolea iuzwe mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado ya moto, kwa kivutio kidogo cha muda mfupi: kuletewa nyumbani bure. Matumizi ya mbolea yaliongezeka. Wakulima walikuwa walewale, siku ya kulipa ndiyo ilihamishwa.

Fanya vivyo hivyo. Ada ya Januari inalipwa kidogo kidogo Juni, mpunga unapouzwa, moja kwa moja shuleni kama wanapokea, na risiti inabandikwa kwenye daftari. Mbegu inanunuliwa wiki ya mauzo ya pamba.

Kwa kibubu, jambo la kushangaza: kufuli si lazima. Pascaline Dupas na Robinson, hukohuko magharibi mwa Kenya, waliwapa watu masanduku ya kuwekea akiba ya matibabu. Wengine walikaa na funguo wenyewe, wengine funguo zilishikwa na mtu mwingine. Sanduku ambalo mtu alishika ufunguo wake ndilo lililosaidia zaidi kwa kinga za afya, kwa sababu watu waliogopa kufungia pesa mahali wasipoweza kuifikia dharura ikija. Kilichofanya kazi ni jina la pesa na umbali mdogo kati yake na mfuko. Kwa hiyo andika kwa kalamu ya rangi juu ya kopo: CHAKULA CHA MBALAMWEZI. Kopo lisilo na jina ni pesa ya yeyote atakayeingia na shida.

Kiasi cha kopo hilo hupatikana hivi. Nyumba inatumia 9,000 kwa siku, mbalamwezi ni siku 10: unahitaji 90,000. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo mtu angesema "nina usiku 19 za kazi, 4,750 kila usiku". Hapa ndipo makopo mengi yanapofia. Usiku 19 ni wa kalenda, si wa ziwa. Kuna usiku wa upepo, usiku injini imekataa, usiku wa msiba mwaloni. Hesabu 14. Ni 6,500 kila unapotoka, na unaanza usiku wa kwanza, si "nikishalipa madeni". Usiku wa kwanza mzigo ukiwa mdogo, weka hata 2,000. Anayeruka wa kwanza huruka na wa pili.

*Ya kwako ikiwa ndefu kuliko ya jambo.* Kosa hili halisemwi sana, labda kwa sababu linafanana na bidii. Mtu anajenga, anasomesha, anapanga, na kwenda kumwona mama yake huko Nansio, Ukerewe, kunabaki "Desemba, Mungu akipenda". Anaishi kama mtu mwenye miaka 40 mbele, na kweli anayo, mama hana.

Hesabu safari, usihesabu miaka. Unakwenda mara mbili kwa mwaka. Tuseme mama ana miaka sita ya kukaa barazani na kukutambua. Ni safari 12. Iandike namba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila ukirudi na kivuko kata mstari mmoja. Wengi wakiiona namba hiyo huongeza safari ya tatu, na hawahitaji kuambiwa na mtu.

Kwa mzee mwenyewe, mwacheni apunguze. Ameacha kwenda kwenye mikutano, hapokei wageni wapya, anataka wajukuu wawili na rafiki yake mmoja wa bao. Wanawe humwona mpweke, wakamtafutia mradi wa kuku. Tofautisha: mzee anayechagua wachache hula vizuri, hulala, hutania. Mzee mpweke anawataka watu na hawaji. Wa pili ndiye wa kupelekewa watu.

*Nyumba moja, upeo mbili.* Ugomvi mwingi wa mali si wa mali. Kijana anaona miaka 30, baba anaona mvua hizi, na kijana analeta swali la miaka 30: "Baba, ukifa hili shamba itakuwaje?" Mlango unafungwa hapohapo. Leta jambo lilelile ndani ya upeo wa baba:

— Shikamoo baba.
— Marahaba mwanangu. Habari za mjini?
— Njema. Nimekuja na daftari. Nataka unionyeshe mipaka ya majaruba ya kule bondeni kabla mvua hazijaanza. Nyasi zikiota hatutayaona mawe.
— Mawe yapo. Matatu. La nne jirani alilisogeza tangu mama yenu yuko hai.
— Basi twende tukalitazame leo hii. Wewe useme, mimi niandike, na Jumamosi mwenyekiti wa kitongoji aje ashuhudie.
— Njoo na viatu vya kufaa. Hivyo vitabaki kwenye tope.

Hakuna aliyetaja kifo, na mipaka imeandikwa.

Hatua ya 5: Rekebisha makadirio

Hata upeo ukiwa sawa, tarehe zako zitakuwa fupi mno. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979: tukipanga kazi tunaitazama hii moja jinsi itakavyokwenda vizuri, hatutazami zilizopita zilivyokwenda. Wanafunzi wa chuo nchini Kanada waliulizwa watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34, wakatumia karibu 56.

Dawa ni fupi. Usimuulize fundi "utachukua muda gani?" Uliza mitumbwi mitatu ya mwisho aliyotengeneza ilichukua siku ngapi kila mmoja, kutoka mbao kufika hadi kushuka majini. Chukua ya katikati. Kama hana kumbukumbu, waulize wenye mitumbwi hiyo.

Makadirio huzeeka pia upande wa pili. Angalia kama safari yako ya Sengerema bado ina foleni ya kivuko ndani yake, ilhali daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.

Hatua ya 6: Jua siku za kutoamua

Upeo hufupika ghafla kwa njaa, kukosa usingizi, msiba, habari ya ugonjwa, na kwa deni lenye mtu mlangoni. Siku hizo usiuze kiwanja, usivunje ndoa, usijitoe kwenye kikoba. Jambo lisilorudishika lipe siku 7. Jambo la hospitali usiliahirishe hata siku moja.

Kikundi nacho hufupika. Kikoba kikikaribia kuvunja hesabu mwisho wa mwaka, mkopaji wa wiki ya mwisho haoni tena sababu ya kurudisha, kwa kuwa haoni mkutano wa kesho. Si wezi walioibuka, ni mwisho umekaribia. Sitisheni mikopo wiki 8 kabla ya kugawana, na mwandike tarehe ya mkutano wa kwanza wa mzunguko mpya kabla ya kufungua sanduku. Upatu una shida hiyohiyo kwa aliyepokea wa kwanza. Namba moja apewe mtu ambaye duka lake halihami.

Kuna kufupika kwingine ambako daftari halitibu. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi haoni kesho yoyote, hapangi hata mlo wa jioni, hafurahii alichokuwa akikipenda, hilo si suala la mipango. Mpeleke kituo cha afya, na akitamka kwamba heri asiwepo, usimwache peke yake hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya 7: Rudia, na namba ziwe zako

Rudia Hatua ya 2 kila baada ya miezi mitatu, au mara moja maisha yakibadilika: umeolewa, umepata mtoto, umehama mwalo. Usilinganishe upeo wako na wa jirani.

Na zile usiku 14 tulizokuwekea, usizikubali milele. Kila mtumbwi usipotoka, weka alama ya mkato kwenye kalenda na neno moja kando yake: upepo, injini, msiba, mwezi. Baada ya giza tatu, jumlisha usiku zilizotoka, gawa kwa tatu. Ukipata 16, kopo lako linahitaji 5,700 kila usiku. Ukipata 11, ni 8,200, na hapo swali jipya ni injini.